Fotoni Zimefungamana, Lakini kwa Namna Ipi?

Tangu Oktoba 2022, Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilipotolewa kwa Alain Aspect wa Ufaransa, John Clauser wa Marekani na Anton Zeilinger wa Austria kwa majaribio yao juu ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizofungamana, jambo hili limetoka maabara na kuingia katika mazungumzo ya watu wa kawaida. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantumu, na hapa Tanga mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano na sita hana budi kujiandaa kwa maswali juu ya chembe mbili ambazo, hata zikitenganishwa mbali namna gani, vipimo vyake huoana. Habari zinazowafikia wanafunzi wake, hata hivyo, huhusu umbali karibu siku zote. Wamesikia kwamba satelaiti ya China iitwayo Micius, iliyorushwa Agosti 2016, iligawa jozi za fotoni kwa vituo viwili vilivyoachana zaidi ya kilomita 1,200. Wamesikia neno la muujiza likitumika mahali ambapo maelezo yalihitajika.

Swali ambalo sijaliona likiulizwa katika habari hizo ni hili: fotoni hizo zimefungamana kwa namna ipi, na aliyezipokea anajuaje? Namna za msingi za kufungamana kwa fotoni mbili ni nne, na kuzitofautisha kwa jozi moja tu iliyo mkononi ni kazi ngumu kuliko kuzitengeneza. Ndiyo kazi inayoamua iwapo mawasiliano ya kwantumu yatafika mbali au yatabaki kuwa onyesho. Naamini pia kwamba ndiyo njia bora ya kulifundisha somo hili, kwa sababu anayefuata swali la kutambua hulazimika kufikiri, ilhali anayeambiwa juu ya umbali huishia kushangaa.

Tuanze na fotoni moja. Mwanga ni wimbi linalotetemeka kukingama na njia linayopita, na mwelekeo wa mtetemo huo unaweza kuwa wa wima, wa mlalo, au wa pembe yoyote iliyo katikati. Wanafizikia huuita mwelekeo huo polaraizesheni. Kinachouchuja ni karatasi nyembamba ya plastiki ambayo mafundi simu wa Ngamiani, hapa Tanga, huishika kila siku, maana simu za kioo cha LCD zina karatasi mbili za aina hiyo, moja nyuma ya kioo na moja mbele. Nilimwomba fundi mmoja anionyeshe anavyoibadilisha ile ya mbele ilipoungua kwa jua. Alipomaliza kuibandua taratibu kwa wembe, simu ilikuwa inawaka lakini haionyeshi chochote isipokuwa weupe mtupu, kana kwamba imekufa. Akachukua kipande cha karatasi mpya kwa vidole viwili, akakiweka mbele ya kioo bila kukibandika, na picha yote ikarudi pale pale. Alipokizungusha robo ya duara, maandishi meusi yakawa meupe na uso wa mtoto aliyekuwa kwenye picha ukageuka kama wa kwenye negativu. "Ukiibandika kwa pembe isiyo yake, mwalimu, mteja anakurudishia simu siku hiyo hiyo," alisema.

Karatasi hizo hizo zinafundisha jambo la pili lililo kubwa zaidi. Ukiweka mbili zikiwa zimekingamana, moja ya wima na nyingine ya mlalo, hakuna mwanga unaopita. Ukichomeka ya tatu katikati yao kwa pembe ya digrii 45, mwanga unarudi: kwa karatasi zisizo na dosari, robo ya mwanga uliotoka katika ya kwanza itafika upande wa pili. Kuongeza kizuizi kumeongeza mwanga. Maana yake ni kwamba karatasi haisomi sifa ambayo fotoni ilikuja nayo na kuiacha ilivyo. Karatasi huiuliza fotoni swali, na fotoni ikishajibu inabaki na hali inayolingana na jibu ililotoa, huku habari ya hali yake ya awali ikiwa imepotea. Anayelishika hili ameshika nusu ya ugumu wa mambo yatakayofuata.

Sasa tuchukue fotoni mbili. Tuite mtetemo wa mlalo M na wa wima W. Jozi inaweza kuwa katika mjumuiko wa hali mbili kwa wakati mmoja: zote M pamoja na zote W, jambo tunaloweza kuliandika MM + WW. Inaweza pia kuwa MM − WW, au MW + WM, au MW − WM. Hizo ndizo hali nne za Bell, zilizopewa jina la John Bell wa Ireland ya Kaskazini, ambaye mwaka 1964 alionyesha jinsi ya kupima kwa majaribio kama jozi hizi zinabeba majibu yaliyopangwa tangu mwanzo. Katika kila moja ya hali nne, ukiitazama fotoni moja peke yake hupati chochote: weka karatasi kwa pembe yoyote unayotaka, nusu ya fotoni zitapita na nusu hazitapita. Habari yote imo katika uhusiano wa fotoni mbili, na hakuna chembe ya habari hiyo iliyo katika mojawapo.

Watu wengi hujaribu kulielewa jambo hili kwa mfano wa doti ya kanga. Doti ikikatwa, kipande kimoja kikabaki Tanga na kingine kikapelekwa Pangani, aliyefungua cha Tanga akakuta rangi nyekundu anajua papo hapo kwamba na cha Pangani ni chekundu. Mfano huu unavutia, na kwa kipimo cha pembe moja tu hauna kosa. Unavunjika pale wapimaji wawili wanapokuwa huru kuchagua pembe mbalimbali, kwa sababu hesabu ya Bell inaweka kikomo cha kulingana kwa vitu vinavyobeba majibu yake tangu dukani, na fotoni hukipita kikomo hicho. Majaribio ya Aspect ya mwaka 1982 yalionyesha hivyo, na mwaka 2015 makundi ya Delft, Vienna na Boulder yakaziba mianya mikuu ya kutilia shaka matokeo hayo iliyokuwa imebaki. Lakini kwa mada ya leo mfano wa kanga una upungufu mwingine ambao hautajwi: hauna mahali pa kuweka tofauti kati ya alama ya kujumlisha na alama ya kutoa. Kanga mbili zinaweza kufanana au kutofautiana, basi. Fotoni mbili zinaweza kufanana kwa namna mbili na kutofautiana kwa namna mbili.

Alama ile ndiyo kiini cha ugumu. Tuseme umepewa jozi moja na kuambiwa iko katika mojawapo ya hali nne. Ukipima zote mbili kwa karatasi za wima na mlalo, utajua kama zinafanana au zinatofautiana, yaani utatenga MM ± WW na MW ± WM. Alama hutaijua. Ukizipima kwa karatasi za digrii 45 utapata kinyume chake: MM + WW na MW + WM zitatoa majibu yanayofanana, MM − WW na MW − WM zitatoa majibu yanayotofautiana, kwa hiyo utajua alama lakini hutajua kama katika mlalo na wima zingefanana. Maswali ni mawili, kila moja lina jibu la ndiyo au hapana, na kila jozi inakubali kujibu moja tu kwa njia hii, kwa sababu fotoni iliyopimwa imekwisha kubadilika au kumezwa kabisa na kitambuzi, kifaa kinachotoa ishara fotoni inapofika. Ikumbukwe kwamba kanuni za kwantumu hazikatazi kuyauliza maswali yote mawili kwa pamoja. Hali nne hizi ziko mbali kabisa moja na nyingine kihesabu, na kipimo kinachozitenga zote kinaruhusiwa. Kinachokosekana ni kifaa cha kukitekeleza.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusipime jozi nyingi zilizotoka katika chanzo kimoja, nusu kwa pembe moja na nusu kwa nyingine. Hilo hufanywa kila siku. Njia iliyoelezwa mwaka 2001 na James, Kwiat, Munro na White hutumia mipangilio 16 ya vipimo kupata picha kamili ya hali ya fotoni mbili, na kwa kukagua ubora wa chanzo inatosha. Haitufai pale ambapo kila jozi ni ya aina yake na haitarudi. Katika uhamishaji wa hali ya kwantumu kutoka mahali hadi mahali, uliopendekezwa na Charles Bennett na wenzake mwaka 1993, mtumaji hupokea fotoni ngeni asiyoijua hali yake, akaipima pamoja na fotoni yake iliyofungamana na ile ya mpokeaji. Kila mara jibu linatokea kwa nasibu kati ya hali nne za Bell, na ni lazima alijue jibu la jozi ile ile. Kisha hulituma jibu hilo, biti mbili (yaani majibu mawili ya ndiyo au hapana), kwa simu au intaneti ya kawaida, na mpokeaji akaigeuza fotoni yake ipasavyo. Pasipo biti hizo mbili mpokeaji ana kelele tupu. Ndiyo maana dai kwamba fotoni zilizofungamana hupeleka ujumbe haraka kuliko mwanga si kweli hata kidogo, na mtu aliyeanza na swali la kutambua hali hawezi kudanganyika na dai hilo, kwa kuwa anajua kilichobebwa na simu ni nini.

Kifaa kinachotumika katika kutambua ni rahisi kukieleza. Ni kigawamwanga, kioo kilichopakwa utando unaopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Fotoni mbili huletwa kutoka pande mbili zikutane juu yake kwa wakati mmoja. Mwaka 1987 Hong, Ou na Mandel, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, walionyesha kwamba fotoni mbili zinazofanana kwa kila kitu haziachani pale: hutoka pamoja, ama zote upande huu ama zote upande ule. Sababu ni kwamba kuna njia mbili za kuachana, zote kupita au zote kurudishwa, na njia hizo mbili zikiwa hazitofautiki hufutana kama mawimbi mawili yaliyopishana nusu. Fotoni moja ikichelewa kidogo tu, au rangi zao zikipishana, njia zinaanza kutofautika na kufutana kunapungua.

Hapa pana jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika mada hii. Ili kuzitofautisha hali, sharti kwanza fotoni zenyewe zifanywe zisitofautike. Kazi kubwa ya mtaalamu maabara si ile ya mwisho ya kuhesabu, bali ni kusogeza vioo kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele, kuchuja rangi na kulinganisha urefu wa njia, hadi pasiwe na mtu wala kitu kinachoweza kusema fotoni hii ilitoka kushoto na hii ilitoka kulia. Habari ya ni ipi imetoka wapi ikibakia popote, hata bila mtu kuisoma, habari ya zimefungamana vipi inaanza kufifia.

Zikishalingana hivyo, hali nne hujitenga zenyewe kwa sehemu. MW − WM ndiyo pekee inayobadilisha alama fotoni mbili zikibadilishana nafasi, na alama hiyo hufanya njia mbili za kuachana zijumlishane badala ya kufutana. Kwa hiyo vitambuzi vya pande zote mbili vikilia kwa pamoja, jibu ni hilo, hakuna shaka. Tatu zilizobaki hutoka pamoja upande mmoja. Katika kila upande huwekwa kigawamwanga cha pili kinachotenga mlalo na wima, na hapo MW + WM hujitokeza: upande mmoja, vitambuzi viwili tofauti. Lakini MM + WW na MM − WW zote hupeleka fotoni mbili katika kitambuzi kimoja, mara cha mlalo, mara cha wima, na alama inayozitofautisha haionekani popote. Hali mbili zimetambuliwa, mbili zimebaki zimechanganyika. Unaweza kuzungusha fotoni kabla ya kukutana na kuchagua hali zipi mbili uzitambue, ila zitabaki kuwa mbili.

Historia ya majaribio imebeba alama ya upungufu huu. Bennett na Wiesner walipendekeza mwaka 1992 kwamba fotoni moja iliyofungamana na nyingine inaweza kubeba biti mbili, kwa kuwa mtumaji anaweza kuigeuza jozi iwe hali yoyote kati ya nne. Kundi la Innsbruck, Austria, lilipolijaribu wazo hilo mwaka 1996 lilitambua jumbe tatu tu, MW − WM, MW + WM, na zile mbili zisizotenganika zikihesabiwa kuwa moja, hivyo kikomo chake kikawa biti 1.58. Mwaka 1997 kundi hilo hilo likafanikiwa kuhamisha hali ya fotoni kwa mara ya kwanza, likitegemea hali ya MW − WM peke yake, maana yake ni kwamba hata vifaa vingekuwa kamilifu, jaribio lilikuwa na maana mara moja katika kila nne. Sisemi hivyo kuipunguza kazi ile. Nasema hivyo kwa sababu robo hiyo haikutajwa katika habari nilizosoma, na bila robo hiyo msomaji hawezi kujua kilichofanyika.

Mwaka 1999 Lütkenhaus, Calsamiglia na Suominen kwa upande mmoja, na Vaidman na Yoran kwa upande mwingine, walithibitisha kihesabu kwamba hakuna mpangilio wowote wa vioo, vigawamwanga na vitambuzi utakaotenga hali zote nne bila kukosea. Mwaka 2001 Calsamiglia na Lütkenhaus wakaonyesha kwamba bila kuongeza fotoni nyingine za msaada, mafanikio hayawezi kupita asilimia 50. Nisisitize hapa, kwa kuwa ndipo waandishi wengi hupotoka. Asilimia 50 hiyo haipo katika daraja moja na mwendo wa mwanga, ambao ni kikomo cha maumbile. Ni kikomo cha aina fulani ya vifaa, vile ambavyo fotoni mbili hupita bila kugusana. Uthibitisho wake ni thabiti, lakini unathibitisha jambo lenye masharti, na anayeyaacha masharti akasema "sayansi imethibitisha haiwezekani" amesema uongo bila kukusudia. Wajibu wa mwandishi wa sayansi ni kuyataja masharti kila mara, hata kama yanarefusha sentensi.

Kwa kuwa kikomo kina masharti, watu wamekwenda kuyavunja masharti. Njia ya kwanza ni kuzifungamanisha fotoni kwa sifa mbili kwa mpigo, mfano polaraizesheni pamoja na wakati wa kuzaliwa au umbo la wimbi, kisha kutumia sifa ya pili kuisoma ya kwanza. Kwiat na Weinfurter waliieleza mwaka 1998, kundi la Munich likaitekeleza mwaka 2006 kwa kutenga hali zote nne, na mwaka 2008 Barreiro, Wei na Kwiat huko Illinois wakapeleka biti 1.63 kwa fotoni, juu ya kile kikomo cha 1.58. Njia hii ina udhaifu ambao lazima usemwe: inafaa pale fotoni zote mbili zimezaliwa pamoja. Katika uhamishaji wa hali, fotoni zinazokutana zimetoka mahali tofauti na hazina ufungamano wa akiba wa kukopa.

Njia ya pili ni kuwafanya wapimaji walipe kwa fotoni za ziada. Warren Grice alionyesha mwaka 2011 kwamba ukiongeza jozi moja iliyofungamana mafanikio hupanda hadi asilimia 75, na ukiendelea kuongeza unaikaribia 100. Ewert na van Loock wakaonyesha mwaka 2014 kwamba fotoni nne zisizofungamana nazo zinafikisha 75. Mwaka 2023 kundi la Stefanie Barz huko Stuttgart, pamoja na van Loock, lilipata asilimia 57.9 kwa mpangilio ambao nadharia yake inaishia 62.5. Nimeona watu wakiidharau namba hii kwa udogo wake. Mimi naiona kuwa habari kubwa, kwa sababu 57.9 iko upande wa pili wa mstari ambao vifaa vya kawaida peke yake haviuvuki, na umbali kutoka 57.9 hadi 62.5 ni wa dosari za vitambuzi na fotoni, mambo ambayo mafundi hodari huyapunguza mwaka hadi mwaka. Njia ya tatu, ya kuzifanya fotoni zigusane ndani ya fuwele, ilijaribiwa na Kim, Kulik na Shih huko Maryland mwaka 2001. Ilitenga hali zote nne, ila kwa fotoni mojamoja mguso huo hutokea kwa nadra mno.

Kwa nini mtu wa Tanga ajali tofauti ya nusu na robo tatu? Tuchukue barabara inayojulikana. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa njia ya Segera na Chalinze ni takriban kilomita 350. Nyuzi nzuri za kioo zinazotumika katika mawasiliano hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita, yaani katika kilomita 50 hupotea fotoni tisa kati ya kumi. Kilomita 350 ni hamsini saba, hivyo inayofika ni fotoni moja katika kila milioni kumi. Ukituma milioni moja kwa sekunde, Dar es Salaam watapokea moja kila sekunde kumi. Kwa intaneti ya kawaida tatizo hili lilikwisha, kwa kuwa njiani huwekwa vikuza mawimbi. Kwa fotoni za kwantumu vikuza hivyo havifai, maana tangu mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks peke yake, walithibitisha kwamba hali ya kwantumu isiyojulikana hainakiliki. Kinachobaki ni kuigawa njia vipande saba, kufungamanisha fotoni katika kila kipande, kisha kuviunga vipande kwa kupima hali ya Bell katika maungio sita. Tukiacha upotevu mwingine wote, maungio sita yakifaulu kwa nusu kila moja, yote kufaulu kwa pamoja ni mara moja katika 64. Yakifaulu kwa robo tatu, ni kama mara 18 katika 100. Kifaa kile kile cha mezani, kilichoboreshwa kutoka 50 hadi 75, kimeongeza mafanikio ya njia nzima zaidi ya mara kumi na moja. Kumbukumbu za kwantumu, zinazohifadhi hali hadi jirani awe tayari, hupunguza hasara hii, na zenyewe zingali zinaboreshwa. Lakini hata zikikamilika, katika kila ungio pana mtu au mashine inayopaswa kujibu swali lile lile: hii ni ipi kati ya nne?

Sidai kwamba Tanga inahitaji waya wa kwantumu kesho. Ninachodai ni kwamba hesabu yote niliyoifanya hapa imo katika uwezo wa kidato cha sita. Hisabati ya juu ya kidato cha tano na sita ina vekta, namba changamani na uwezekano. Fizikia yake ina mawimbi na polaraizesheni. Mwalimu anaweza kuanza na vipande vitatu vya karatasi kutoka kwa fundi simu, vile vilivyobaki baada ya kukata, na kumwacha kila mwanafunzi aone kwa macho yake mwanga ukirudi karatasi ya tatu ilipoingia. Baada ya hapo aende ubaoni. Aite mtetemo ulioinama kulia K, ambao ni M + W, na ulioinama kushoto S, ambao ni M − W, kisha awaachie wanafunzi waziandike hali nne upya kwa herufi hizo, wakiweka kando namba za kusawazisha. Watakuta MM + WW imekuwa KK + SS, MM − WW imekuwa KS + SK, MW + WM imekuwa KK − SS. Ya nne itawashangaza kwa haki: MW − WM inabaki na umbo lake, isipokuwa alama ya nje ambayo haipimiki, na watakaojaribu pembe nyingine watakuta vivyo hivyo. Hapo wataona wenyewe kwa nini kigawamwanga huitambua hiyo kabla ya nyingine.

Kuna walimu watakaosema muda hautoshi na kwamba mtihani hauliulizi swali hili. Hoja ya muda naielewa, kwani silabasi ni nzito na madarasa yamejaa. Hata hivyo zoezi hili halisimami nje ya silabasi. Ni zoezi la vekta na uwezekano lililopewa kitu halisi cha kuhesabia, badala ya sarafu na vibeti vya mipira ambavyo wanafunzi wamevizoea hadi hawavifikirii tena. Mwanafunzi akimaliza, apewe swali moja la kwenda nalo nyumbani: jozi moja, hali nne, karatasi mbili za kuchuja, je, ni pembe zipi zitakazomwezesha kutenga MM + WW na MM − WW, na kwa kuchagua pembe hizo amejinyima kujua nini? Vipindi viwili vinatosha, na karatasi zile fundi alinipa bure.